Bampa la Nyuma Linalochomoka: Namna ya Kuliunda kwa Gari la Porini

Bampa la chuma lililofungwa moja kwa moja kwenye chasisi ni kazi nyepesi kwa fundi yeyote anayejua kuchomelea. Lile linalochomoka, ambalo unaweza kulitoa ili ufikie tangi la mafuta au upunguze uzito wa gari, lina sharti gumu zaidi: ndimi zake mbili, yaani vipande vya bomba vinavyoingia kwenye chasisi, zibaki sambamba hata baada ya moto wote kupita. Bampa la kwanza nililounda nililichomelea mezani, nikapima mara mbili, na lilipopoa ndimi zilikuwa zimekaribiana kwa milimita 4. Liliingia kwa kugongwa nyundo, na siku nilipotaka kulitoa ikabidi nilikate kwa grainda.

Muundo ninaoutumia sasa unafanana na kisu na ala yake. Kila ncha ya chasisi hubeba ala ya bomba la mraba la milimita 60 kwa 60 lenye unene wa milimita 4, na bampa hubeba ndimi mbili za bomba la milimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 5. Nafasi inayobaki ni milimita 1 kila upande. Mwili wa bampa ni bomba la milimita 100 kwa 50 lenye unene wa milimita 4, ambalo lina uzito wa karibu kilo 9 kwa kila mita. Jitahidi bampa zima lisizidi kilo 30, kwa kuwa lisilobebeka na watu wawili litaishia kukaa garini mwaka mzima.

Hatua ya kwanza: kupima. Ondoa bampa la zamani, sugua ncha za boriti za chasisi hadi chuma kionekane, kisha chunguza kila kinachopita eneo hilo. Bomba la ekzosi huning'inia kwenye raba na huchezacheza, hivyo liachie nafasi pande zote. Bodi nayo imekaa juu ya raba, kwa hiyo acha milimita 25 kati yake na bampa, la sivyo rangi itakwanguliwa katika mabonde ya kwanza. Ikiwa tairi ya akiba imefungwa chini ya gari na huteremshwa kwa fimbo inayopitia nyuma, weka alama ya tundu la fimbo hiyo mapema. Wengi huligundua wakiwa na pancha.

Hatua ya pili: ala. Kata vipande viwili vya milimita 250. Ndani ya bomba la mraba kuna mshono wa kiwandani uliotuna, na ndio utakaokwamisha ulimi, kwa hiyo ufute kwa tupa ndefu kutoka ncha zote mbili hadi ulimi upite bila kusukumwa kwa nguvu. Chomelea kila ala kwenye bamba la milimita 8, kisha lifunge bamba hilo kwenye ubavu wa boriti kwa bolti tatu za M12 (unene wa milimita 12) za daraja la nguvu la 8.8. Tumia matundu ya kiwandani kadiri inavyowezekana. Usitoboe ukingo wa juu wala wa chini wa boriti, kwa sababu huko ndiko mkazo wa kupinda ulipo mkubwa zaidi. Kama boriti ni ya bomba lililofungwa, pitisha kipande cha bomba dogo ndani yake kila bolti inapopita, ili kuta zisibonyee unapokaza.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua kila kitu. Ingiza ndimi ndani ya ala kwa urefu wa milimita 200, na jaza nafasi zilizobaki kwa vibamba vyembamba ili zikae katikati. Tegemeza bomba kubwa la mwili wa bampa kwenye ncha za ndimi zinazotokeza nje ya ala, lisawazishe kwa pimamaji, hakikisha pembe mraba kwa guniya, kisha lishikize kwa doti chache tu, yaani vichomeo vidogo vya kushikilia. Kabla ya kuwasha moto karibu na gari, toa nyaya za betri, funika tangi na mabomba ya mafuta, na weka kizimamoto mkononi. Usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, kwani ikipata joto au mwanga wa moto wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu. Bomba lililopakwa zinki likwanguliwe kwanza, kwa kuwa moshi wake huleta homa.

Baada ya doti, chomoa bampa, unganisha ncha za ndimi zilizokuwa ndani ya ala kwa kipande cha chuma cha muda, kisha umalizie kuchomelea mezani. Chomelea vipande vifupi vya milimita 40, ukihama kutoka upande mmoja hadi mwingine, na uliache lipoe kabisa kabla ya kuondoa kile chuma cha muda. Ukifunga ncha za bomba, acha tundu la kutolea hewa, ambayo ikipata moto hutanuka na kutoboa mchomeo.

Sasa toboa matundu ya pini za milimita 16 zinazopita mlalo kwenye ala na ulimi. Tundu la ulimi wa kushoto liwe la kukazana; la kulia lirefushwe kidogo mbele na nyuma. Kushoto, chomelea nati mbili za M10 kwenye ala, moja chini na nyingine ubavuni, ili bolti zake ziubane ulimi na kuondoa kelele. Kulia, weka ya chini pekee. Upande mmoja ukishika mahali na mwingine ukipewa nafasi ya kuteleza, bampa hutoka kwa urahisi hata chasisi ikijipinda kidogo.

Funga pini kwa kotapini, ile pini ndogo ya waya inayopindwa ncha ili pini kubwa isichomoke. Kamba ya kuvutia gari lililokwama isifungwe kwenye bampa hili. Sehemu ya kuvutia ifungwe moja kwa moja kwenye chasisi. Paka rangi ya msingi na mikono miwili ya rangi ya juu, ila ndani ya ala na juu ya ndimi paka grisi tu. Baada ya kilomita 50 za njia mbaya, kaza bolti zote upya, chomoa bampa, na tazama mahali grisi ilipofutika: hapo ndipo panapohitaji tupa tena.