SOMO: Mchezo huru chekechea, hatua kwa hatua (soma kabla ya kuja inboksi)

Mchezo huru ni ule ambao mtoto anajichagulia mwenyewe cha kucheza. Swali la "nianzeje?" nimelijibu hadi nimechoka. Naliandika hapa, atakayeuliza tena mtumieni uzi huu.

1. Sogeza meza pembeni. Watoto wanataka sakafu.

2. Tenga kona: kujenga, kuigiza, maji na mchanga, vitabu. Ya kujenga isiwe njiani, mnara ukipigwa teke na mpita njia hamtasikilizana.

3. Vifaa vichache, kwenye rafu wanayoifikia. Maboksi, vitambaa na vifuniko hushinda midoli inayofanya kazi moja. Kwa walio chini ya miaka 3, kinachopenya kwenye bomba la karatasi ya chooni kiondoe. Beseni la maji usiliache bila mtu mzima hata kidogo, na mkimaliza limwage papo hapo. Mtoto huzama kwenye maji ya sentimita chache.

4. Toa dakika 45 hadi saa nzima, mfululizo. Kwenye dakika 15 watabishana nani awe daktari, basi muda umeisha.

5. Kaa chini, nyamaza. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mtoto anajaza chupa kwa kikombe kidogo, midomo inacheza, anahesabu kimoyomoyo. Mwalimu anatokea: "Hiki kikombe rangi gani?" Mtoto anajibu "nyekundu", anakiweka chini, anaondoka. Hesabu imekufa, na rangi alikuwa anaijua tangu zamani! Ukilazimika kusema, sema unachokiona: "Chupa imejaa, kikombe bado kina maji." Kisha subiri.
Tahadhari: kunyamaza si kuchati. Usimjengee. Usipige makofi kila dakika, atacheza kwa ajili yako. Ingilia haraka kukiwa na hatari au uonevu. Mchezo ukikwama, ongeza kifaa, usiongeze maelekezo.

6. Andika alichofanya na alichosema, kwa maneno yake. Vifaa vya kesho vinatoka humo.

MASWALI

Chaki: Mwalimu, naomba ratiba ya michezo ya wiki nzima, PDF.
– Hatua ya 6. Nikikupangia wiki nzima, huo mchezo ni wangu, si wao.

Mzazi Makini: Kwa hiyo wanacheza tu? Kusoma lini?
– Hatua ya 5 umeisoma au umeiruka? Huyo wa kikombe alikuwa anajifunza ujazo.

Mwl. Mpya: Shikamoo mwalimu. Nina wa miaka 3, anakaa pembeni kutazama wenzake tu. Nimsukume?
– Marahaba, swali zuri. Usimsukume. Mtafiti Mildred Parten alipoainisha ushiriki wa watoto kwenye mchezo, mwaka 1932, kutazama alikuhesabu kama aina mojawapo. Fuata macho yake: akiwa anawafuatilia, yumo. Weka karibu naye vifaa kama vyao, huenda akaanza kucheza sambamba nao kabla ya kucheza pamoja nao. Ila akiwa hatazami watu na haitiki akiitwa, hata nyumbani, zungumza na mzazi mapema ili apimwe, kuanzia masikio.
Mwl. Mpya: Asante sana. Kumbe anawafuatilia, jana alicheka mnara ulipoanguka.
– Basi yumo huyo.

Kibao Kimoja: Nyongeza: chora umbo la kila kibao (kipande cha mbao cha kujengea) kwenye rafu. Kupanga vifaa kunageuka kulinganisha maumbo.
– Hii naichukua.

Chaki: Na kelele za vibao?
– Zulia.