Meno ya mtoto yamebanana? Linda nafasi kabla hujafikiria kung'oa

Mwanangu mkubwa aling'olewa gego la utoto la chini akiwa na miaka 7, lilikuwa limetoboka linamuuma usiku hatulali, tukenda likatolewa tukarudi nyumbani tumeshukuru, na hakuna alotwambia kama pale mahala pakiachwa wazi gego la nyuma linakuja mbele kidogo kidogo, kama kwenye benchi la daladala akishuka mtu wote wanasogea. Miaka 3 baadae jino la ukubwa likataka kutoka, halina pa kutokea, likatokea ndani upande wa ulimi. Hapo ndo nikaanza kusoma na kuwasumbua madaktari kwa masuali. Mdogo wake nilimuwahi, sasa ana miaka 13 na hajang'olewa hata jino moja la ukubwa. Kwa hiyo wazazi wenzangu wa Unguja na Pemba, nakwambieni nilichokiona.

Anza kwa kuyajua meno yenyewe. Ya utoto ni 20, ya ukubwa 32. Kwenye miaka 6 linatoka gego nyuma kabisa bila ya jino lolote kung'oka, wengi tunadhani nalo la utoto tunaliacha linaoza, kumbe hilo ni la maisha. Lihesabu kuanzia katikati ya mdomo, ni la sita.

Sasa hapa ndo pana kazi. Yale magego mawili ya nyuma ya utoto, kila upande, ni mapana kuliko meno ya ukubwa yatakayokuja mahala pao. Taya la chini tofauti yake ni kama milimita 2 kila upande, juu ni kidogo kuliko hapo. Unaweza kuona milimita 2 si kitu, lakini pande zote mbili ni 4, na meno ya mbele yaliyopandana kidogo mara nyingi yanataka kiasi hicho hicho. Magego yale yakikaa mpaka yang'oke wenyewe, kwenye miaka 10 mpaka 12, na daktari akaweka waya mwembamba unaopita nyuma ya meno ya chini ili gego la sita lisije mbele, nafasi ile inabaki na meno ya mbele yanaitumia. Yakioza yakatolewa mapema, nafasi imeliwa.

Kwa hiyo usikubali neno la "ni ya utoto tu, yatang'oka". Mswaki wa usiku mpige wewe mwenyewe mpaka afike miaka 7 au 8, mana mkono wake haufiki nyuma, dawa ya fluoride kiasi cha punje ya njegere inatosha, na pale magego yanapogusana pitisha uzi wa meno kwa sababu ndipo yanapotoboka bila ya mtu kuona. Ubuyu wa sukari sikwambii umkataze kabisa, hatuwezi, lakini ale amalize asukutue, asiutie mfukoni akaumumunya kuanzia skuli mpaka chuoni. Jino likishatoboka uliza kwanza: linazibika? Hata likifika kwenye kiini mara nyingine linatibiwa na kuvishwa kofia ya chuma likakaa miaka. Na kama hapana budi litolewe, uliza siku hiyo hiyo juu ya kishika nafasi, ni pete inavaa gego la jirani ina kiwaya kinachozuia lisisogee. Mimi sikuliuliza suali hilo na mpaka leo linaniuma.

Kuna mambo yanatisha na wala si ugonjwa. Meno ya mbele ya chini kutoka nyuma ya yale ya utoto, safu mbili, hiyo ni kawaida kwenye miaka 6 na 7, mwache atikise la utoto, likikaa miezi miwili mitatu halitikisiki mpeleke litolewe hilo la utoto. Mwanya wa meno ya mbele ya juu kwenye miaka 8 au 9 usikimbilie kuuziba, mara nyingi chonge zikishuka unajifunga wenyewe.

Akifika miaka 7 mpeleke akatazamwe hata kama haumwi. Kwa Unguja anzia kitengo cha meno Mnazi Mmoja, na mtaalamu wa kupanga meno pengine mtaambiwa mvuke bahari mpaka Muhimbili, ndo mana nasema mapema, nauli ya boti ya kila mwezi inataka kupangwa. Mwambie daktari kama mtoto ananyonya kidole au analala mdomo wazi anakoroma. Taya la juu likiwa jembamba, akifunga mdomo magego ya juu yanaangukia ndani ya yale ya chini, kuna kifaa cha kulipanua. Kinafanya kazi kwa mtoto kwa sababu mfupa wa juu ya kinywa una mshono katikati ambao bado haujashikana. Unapewa kifunguo unazungusha nyumbani kama ulivyoelekezwa, kila mzunguko ni kama robo milimita, na ukiona mwanya umefunguka mbele usipige kelele kama nilivyopiga mimi, hiyo ndo dalili taya linafunguka. Halafu kinakaa miezi mfupa ujae. Si cha kila mtoto lakini.

Miaka 10 daktari apapase fizi za juu kutafuta chonge. Kama hazisikiki apige eksirei, mana pengine kutoa chonge ya utoto tu kunaifungulia njia ile ya ukubwa. Miaka 11, 12 ndo waya za meno, na nafasi ikipungua milimita chache daktari anaweza kusugua kidogo ubavuni mwa meno.

Nisikudanganyeni, wapo watoto ambao kung'oa ndo sawa. Upungufu wa nafasi wa milimita 4 hivi mara nyingi hautaki kung'oa, ukifika 10 karibu kila mara unataka, na ukilazimisha yote yakae meno yanasukumwa nje, fizi zinashuka na midomo haifungi. Mwambie daktari akupe hesabu ya milimita za mtoto wako na akuoneshe kwenye picha.

Zikitolewa waya kuna plastiki ya kuvaa usiku, asipoivaa meno yanarudi. Wa kwangu anaivaa baada ya mswaki, asubuhi anaiosha kwa maji baridi, ya moto yanaipinda, na inakaa kwenye kikebe chake, si kwenye karatasi, mana ya kwanza tuliifunga karatasini ikatupwa na taka.