Paipu za ekzosti: chukua waya ya solda
Wasee mnaojenga modeli za hot rodi (magari ya zamani yaliyoongezwa nguvu) za skeli ya 1/25, yaani ndogo mara 25 kuliko gari yenyewe, acheni kuchoma vijiti vya plastiki mkitafuta paipu za ekzosti, ingia Luthuli Avenue, Nairobi, ununue waya ya solda (ile laini ya kuunganisha nyaya za umeme) ya unene wa milimita 1.5, hiyo unaipinda na vidole tu haivunjiki na kwa gari kubwa ingekuwa paipu ya milimita 37 hivi, inakaa poa sana. Kama injini ni ile Ford flathead V8 ya 1932 weka paipu tatu kila upande, sio nne, juu silinda mbili za katikati hutoa moshi kwa tundu moja. Mwisho wa paipu toboa kidogo na sindano. Bandika na supa glu, gundi ya plastiki haishiki solda. Alafu nawa mikono, solda nyingi iko na madini ya risasi (lead), na hiyo ni sumu.