Kumfuatilia daktari wa jeshi aliyekufa kwa homa ya mafua ya 1918

Kabla ya kupekua majina, jua kwanza nani alikuwa akimlipa mshahara. Daktari aliyetibu askari Kisumu au Nakuru mwaka 1918 huenda alikuwa wa Royal Army Medical Corps (kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza), wa Indian Medical Service (idara ya tiba ya serikali ya India), au mtumishi wa serikali ya koloni aliyeazimwa na jeshi. Kila mwajiri alitunza faili kwake, na wengi hukwama hapo.

Anza mtandaoni na orodha ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya wanajeshi waliokufa vitani, ambayo ni bure. Andika jina la ukoo na mwaka tu, maana majina ya kwanza mara nyingi yalifupishwa kwa herufi. Orodha hiyo inafika 31 Agosti 1921, kwa hiyo usimwache aliyekufa Desemba 1918 eti Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimekwisha. Ikiwa hayumo, pengine alihesabiwa raia.

Faili za maofisa wa Uingereza ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, Kew, London, chini ya namba za mafungu WO 339 na WO 374. Za Indian Medical Service ziko British Library.

Hapa kwetu hazina ni gazeti rasmi la serikali, ambalo wakati huo lilikuwa la East Africa Protectorate, jina la Kenya ya siku hizo. Ukitafuta “Kenya” pekee unaweza kulikosa. Soma matangazo ya mirathi, yale ya kuwaita wanaomdai marehemu. Usiishie mwezi wa kifo, kwani tangazo lingeweza kuchelewa miezi kadhaa.

Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Nairobi, uombe ripoti za Mkoa wa Nyanza, zenye alama PC/NZA. Homa ilishuka Mombasa Septemba 1918 ikapanda bara na reli. Mwaka wa serikali uliishia 31 Machi, kwa hiyo ripoti unayoitaka ni ya 1918-19. Kwa Nakuru, tafuta Mkoa wa Naivasha, uliokuwa nayo wakati huo. Beba penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na nyaraka.

Sababu ya kifo isikupoteze. Homa hii iliua sana kupitia mapafu, hivyo “pneumonia” mwishoni mwa 1918 ichunguze kwa makini.

Kaburini nenda asubuhi jua likiwa chini, mwanga upite kwa ubavu wa jiwe. Mwagia maji matupu, subiri yaanze kukauka: uso wa jiwe hukauka kwanza, herufi zikabaki nyeusi. Usitumie chaki, siki wala brashi ya waya. Jiwe lenye kuvu hubanduka pamoja na maandishi. Daktari Mhindu huenda alichomwa, basi usitarajie kaburi. Angalia majina kwenye mnara wa kumbukumbu wa British and Indian Memorial, Nairobi.

Ukipata daftari la mazishi la kanisa, nakili pia mistari iliyo juu na chini ya jina lake. Wahudumu wa wodi na wapagazi waliokufa wiki hiyo hiyo huenda hawajaandikwa popote pengine.