Ukoo wa "scrib" na "graph": jifunze maneno ya Kiingereza kwa mashina

Mpwa wangu wa kidato cha pili alikuja na orodha ya maneno 50 ya kukariri. Akifika la ishirini, la kwanza limeshamtoka. Tukaiweka orodha pembeni.

Hatua ya 1. Anzia nyumbani. Tamka kitabu, katibu, maktaba. Umesikia k-t-b? Ni shina la Kiarabu la kuandika. Kiingereza nacho kimeazima mashina hivyo hivyo, ila kwa Kilatini na Kigiriki.

Hatua ya 2. Tafuta kauntabuku. Programu za simu sizitaki kwa kazi hii: zinakuletea neno mojamoja, nasi tunataka ukoo mzima kwenye ukurasa mmoja. Katikati andika "scrib/script", shina la Kilatini la kuandika. Kwa kawaida kitenzi hubeba b, nomino hubeba pt: "describe", "description".

Hatua ya 3. Zungushia viambishi. "Manu" ni mkono, hivyo "manuscript" ni andiko la mkono. "Post" ni baada: "postscript" ndiyo ile P.S. ya mwisho wa barua. "Sub" ni chini: "subscribe" zamani ilikuwa kutia saini chini ya hati.

Hapa tulia, maana hapa ndipo nilipoumia. Niliwahi kutafsiri maelezo ya mgonjwa nikaandika kwamba daktari "proscribed" dawa fulani. Kazi ikarudishwa bila maelezo, nikakesha nikikagua sarufi, kumbe kosa ni herufi moja. "Prescribe" ni kumwandikia mtu dawa. "Proscribe" ni kupiga marufuku! Viambishi "pre" na "pro" vyote vina harufu ya "mbele", kwa hiyo kukisia hakukunisaidia. Kilichonisaidia ni kisa cha Roma: mwaka 82 kabla ya Kristo, jemadari Sulla, aliyekuwa ametwaa madaraka, alibandika hadharani majina ya mahasimu wake, na aliyeandikwa pale damu yake ilikuwa halali, mali yake ikatwaliwa. Tangu siku hiyo sijayachanganya. Kwa hiyo kisia kwanza, lakini usiandike popote kabla ya kufungua kamusi. Na ni "describe", si "discribe".

Hatua ya 4. Ukurasa wa pili, "graph", shina la Kigiriki la kuandika. "Bio" uhai, "geo" dunia, "photo" mwanga, "auto" mwenyewe. Unganisha mwenyewe, dakika kumi zinatosha. Angalia mkazo tu: sisi tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho, lakini kwenye "photography" unakaa kwenye "to", kabla ya "graphy".

Hatua ya 5. Sentensi tatu kila siku, kwa kalamu.

Siku ya nne mpwa akauliza, "Mjomba, mbona 'write' yenyewe haimo?" Nikamwambia hilo ni la Kiingereza chenyewe, halikuazimwa. Akalifungulia ukurasa, akaandika "underwrite", neno la watu wa bima. Akalitazama, akarudi nyuma kwenye "subscribe": chini, andika. Chini, andika.

"Kumbe ni lile lile!"