Kuchora saa ya mwanga kwa rula na penseli

Nikienda kwa mwendokasi wa mwanga, nitaona nini? Einstein alisimulia uzeeni kwamba swali la namna hiyo lilimjia akiwa na miaka 16, na makala yake ya uhusianifu, nadharia ya muda na mwendo, ikatoka 1905. Ukianzia hapo moja kwa moja utakwama. Anza na treni inayokwenda asilimia 60 ya mwendokasi huo, kama kilomita 180,000 kwa sekunde, maana inatoa pembetatu mraba ya 3, 4, 5 na hesabu haisumbui.

Andaa karatasi ya A4 uilaze, rula ya sentimita 30 na penseli iliyochongwa vizuri.

Ndani ya behewa weka vioo viwili vinavyotazamana: kimoja sakafuni, kingine mita 1.5 juu yake. Mwanga huenda karibu sentimita 30 kwa nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), kwa hiyo abiria anaona mwale ukipanda kwa nanosekunde 5 na kushuka kwa 5. Kumi hizo ndizo pigo moja la saa yake.

Sasa wewe simama kando ya reli. Kwako vioo vinasogea na treni, kwa hiyo mwale unapanda na kushuka mshazari. Chora kitako cha sentimita 18, ndiyo njia ya treni. Katikati, kwenye 9, simamisha kimo cha sentimita 12; ndiyo ile mita 1.5. Unganisha ncha za kitako na kilele, kisha pima mshazari mmoja: sentimita 15. Mwanga ukimaliza 15, treni imekwenda 9, yaani 0.6 ya mwendokasi wa mwanga. Ukipata 14.7 upande mmoja na 15.3 mwingine, kimo chako kimeinama, kinyooshe kwanza.

Kwa abiria mwale umepanda 12, kwako umekwenda 15. Wengi huteleza hapa: wanaujumlisha mwendo wa treni kwenye mwanga, kama mpira uliorushwa kutoka ndani ya basi. Ukifanya hivyo saa zitalingana na jaribio zima linakufa. Mwanga ni uleule kwenu wote wawili, kilomita 299,792 kwa sekunde. Gawanya 15 kwa 12, unapata 1.25: pigo la nanosekunde 10 kwako limechukua 12.5.

Usiilaze saa kufuata reli, angalau mwanzoni. Ukiilaza, itabidi uhesabu pia kufupika kwa behewa (kwako hupungua urefu likikimbia), na mchoro huu hautoshi. Wala usiseme abiria anahisi muda ukizorota. Hahisi chochote, kwake yeye, saa yako ndiyo inayochelewa.

Kwa 0.8, nusu ya kitako ni 16 na mshazari 20. Kitako kizima cha 32 hakiingii kwenye A4, basi chora nusu tu. Kwa 0.99, nusu ya kitako ni karibu 84 na mshazari 85. Tafuta boksi la kadibodi ulifungue sakafuni. Kupata namba kama ile 1.25 bila kuchora: toa kipeo cha pili cha mwendo (0.6 × 0.6, kwa mfano) kwenye 1, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawanya 1 kwa jibu hilo.

Chembe ziitwazo muoni zinathibitisha kwamba saa inayokwenda kasi huchelewa. Huishi wastani wa mikrosekunde 2.2 (sehemu za milioni za sekunde), muda wa kwenda mita 660 tu, lakini nyingi zinazozaliwa kilomita 15 hivi angani hutufikia ardhini.

Sasa rudi kwenye swali la mwanzo. Kwa mwendokasi kamili wa mwanga, nusu ya kitako ingebidi ilingane na mshazari huku kimo kikibaki 12. Jaribu kuichora.