Kipokezi chambo si kibovu: zoezi la visoda na kunde

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha wanafunzi wa maabara hapa Dar, niliandika ubaoni kwamba kipokezi chambo, yaani protini ya juu ya seli inayonasa ujumbe bila kuupeleka ndani, "hakifanyi kazi". Kwenye mtihani wengi wakakieleza kama kipokezi kilichoharibika, na kosa lilikuwa langu. Tangu hapo somo hili nalifundishia mezani.

Tafuta visoda 15 (muuza soda wa mtaani kwako atakupa), vifuniko 5 vya plastiki vya chupa za maji, kunde kavu 20, mchele kidogo, uzi na gundi.

Hatua ya 1. Visoda 5 vibandike uzi mrefu kwa nyuma. Hivyo ni vipokezi halisi vya interlukini-1, saitokini (protini ya kupelekeana ujumbe kati ya seli) inayoamsha homa na uvimbe. Uzi ni mkia ulio ndani ya seli, wenye amino asidi (vipande vinavyojenga protini) zaidi ya 200, na ndio unaopeleka ishara. Visoda 10 vilivyobaki vibandike kipande kifupi tu: hivyo ni chambo. Mkia wa chambo una amino asidi 29, haufiki popote.

Hatua ya 2. Panga vyenye uzi mrefu peke yake. Tia punje moja ya kunde, yaani interlukini, katika kila kisoda, kisha funika kwa plastiki. Plastiki ni protini mwenza; pasipo mwenza, kipokezi hakiwashi kitu. Vuta uzi: seli imepata habari. Vikiguswa vipokezi vichache tu, seli huitikia kwa nguvu, kwa hiyo usiudharau hata uzi mmoja.

Hatua ya 3. Hapa usikimbie. Changanya visoda vyote 15, mwaga kunde kutoka juu, halafu funika vilivyonasa punje bila kuchagua. Plastiki nyingi zitaishia kwenye chambo, na utakuta kisoda cha uzi mrefu kina punje lakini kimekosa mwenza. Mwilini ni vivyo hivyo: chambo huiteka interlukini, kisha humteka na mwenza wake. Kutokupeleka ishara ndiyo kazi yenyewe. Alberto Mantovani na wenzake wa Milan walilionyesha jambo hili mwaka 1993.

Hatua ya 4. Sasa mchele. Huu ni kizuizi cha asili, protini inayokalia kipokezi halisi bila kukiwasha. Tia punje zake kwenye visoda vya uzi mrefu tu, kwa sababu chambo hukishika kizuizi kwa ulegevu sana. Chambo kingekuwa kinakinasa kizuizi kwa nguvu kama kinavyoinasa interlukini, walinzi hawa wawili wangekwamishana. Mimi sijachoka kulistaajabia hilo.

Hatua ya 5. Ng'oa uzi wa chambo watatu, watumbukize kwenye bakuli la maji. Seli kama neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, hukata chambo wao na kuwaachia kwenye damu, wakaendelea kunasa huko. Dawa ya deksamethasoni huongeza idadi yao, mojawapo ya njia zake za kutuliza uvimbe.

Hatua ya 6. Waulize wanafunzi: je, chambo kinaweza kutengenezwa kiwandani? Etanasepti, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa baridi yabisi ya viungo, ni kipokezi cha saitokini nyingine, TNF, kisichoshikamana na seli yoyote. TNF hiyohiyo husaidia kuwazingira bakteria wa kifua kikuu waliolala mapafuni, na ikinaswa wanaweza kuamka, ndiyo maana mgonjwa hupimwa kifua kikuu kabla ya sindano ya kwanza.